Kukereza na Kupekecha: Msamiati wa Mtambo wa Kupanua Matundu

Makusudi ya makala haya ni kuonyesha kwamba lugha ya maseremala wa Pwani inayo maneno ya kutosha kuelezea kazi ya mtambo mmoja mkubwa wa karakana za chuma, yaani ule wa ulalo unaopanua na kusawazisha matundu.

Katika Kuze na mitaa mingine ya Mji wa Kale wa Mombasa, Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo havichanganywi. Tendegu la kitanda hukerezwa: mti huzunguka, patasi hutulia. Ubao hupekechwa kwa keekee: ubao hutulia, chuma huzunguka. Kamusi za zamani zimehifadhi hata viungo vya keekee: uta unaoiendesha, msukano unaoshika chuma, na jivu, yaani kishikio ambamo msukano huzunguka.

Tofauti hiyo hiyo yaonekana katika kazi ya John Wilkinson wa Uingereza. Kwa hataza yake ya 1774, mzinga wenyewe ulizungushwa. Kwa istilahi yetu, ulikerezwa kwa ndani. Baadaye alitengeneza mtambo wa silinda za James Watt. Humo silinda ilifungwa isitikisike, na mtaimbo wenye visu, ulioegemezwa ncha zote mbili, ukazunguka ndani yake. Silinda za awali zilivujisha mvuke kwa kukosa mviringo kamili; hizi mpya zilikaribiana mno na pistoni, na injini za Watt zikaanza kazi mwaka 1776.

Mtambo wa leo hufuata kanuni ile ile. Kitu cha tani kadhaa, tena chenye umbo lisilo la mviringo, hakizungushwi kwa salama katika kerezo; hivyo hufungwa mezani, na msukano uliolala sambamba na meza ndio uzungukao. Manufaa yake makubwa yamo katika ukarabati. Nyumba ya beringi ikilika, fundi huijaza kwa kulehemu, au huipanua na kutia bushi, kisha huirudisha katika kipimo chake. Nyumba mbili zikikabiliana, huzichonga bila kukifungua kitu mezani, ili matundu yawe katika mstari mmoja. Mstari ukipotoka hata kwa sehemu ndogo ya milimita, shafti hupata joto na beringi mpya hufa upesi. Na meli itiayo nanga Kilindini, upande wa pili wa kisiwa, haibebeki kwenda karakana. Tundu la shafti ya rafadha likiharibika, mtaimbo wa kuhamishika hufungwa chomboni humo humo.

Ni dhahiri basi kwamba neno "kutoboa" halitoshi. Atoboaye huanzisha tundu. Apanuaye hulirekebisha lililopo. Mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hiyo aweza kuharibu kwa dakika moja chuma kisicho na badala. Twapendekeza "kupekecha" kwa mwendo wa mtambo, "kupanua" kwa tendo lake, na "msukano" kwa kiungo kizungukacho.