Kwa nini Waitalia 13 waliuawa Kindu mwaka 1961

Kule Pisa, Italia, karibu na kiwanja cha ndege, kuna jengo la ukumbusho lenye jina la mji wetu: Kindu. Vijana wengi hapa kwetu hawajui sababu yake.

Tarehe 11 Novemba 1961 avio mbili za C-119 zilitoka Kamina zikatua Kindu. Zilileta vitu vya askari wa ONU waliotoka Malaya. Ndani mlikuwa na Waitalia 13, mkubwa wao meja Amedeo Parmeggiani. Watu husema “marubani 13”, lakini sivyo: walikuwemo pia mafundi wa injini, watu wa redio na daktari mmoja. Silaha hawakuwa nazo.

Sasa, kosa lao lilikuwa nini? Mwaka uleule Lumumba alikuwa ameuawa Katanga, na Tshombe alipigana kwa kutumia mamluki wazungu, Wabelgiji wakiwemo. Kindu ilikuwa imejaa askari wa ANC waliotoka Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, wenye hasira na Katanga. Kuona wazungu wenye mavazi ya kijeshi wanashuka kwenye avio, wakawadhania ni watu wa Tshombe. Wakawakuta mezani wanakula, wakawapiga, wakawaua wote. Kutumwa na ONU hakukuwasaidia kitu.

Miili yao ilipatikana mwaka 1962 kwenye makaburi ya Tokolote, ikarudishwa Pisa. Hadi leo, miji mingi ya Italia ina barabara inayoitwa kwa jina la waliokufa Kindu.