MADA YA 9: JE, MTOTO ATAZALIWA TAREHE NGAPI?

Leo tutajibu swali ambalo akina mama wajawazito hutuuliza kliniki karibu kila siku: "Sista, mtoto wangu atazaliwa lini?"

Tafadhali chukua kalamu na karatasi. Ikiwa uko shambani au jikoni, sikiliza tu, tutakwenda polepole.

Tunahesabuje tarehe hiyo? Muuguzi hukuuliza siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Si siku iliyokwisha, bali siku ulipoona damu mara ya kwanza. Kutoka siku hiyo tunahesabu wiki 40, yaani siku 280. Njia rahisi ni kuongeza siku 7, kisha miezi 9. Tuseme hedhi yako ilianza tarehe 10 Januari. Ongeza siku 7, unapata 17. Ongeza miezi 9, unafika Oktoba. Basi kwenye kijitabu chako cha kliniki tutaandika 17 Oktoba.

Je, mtoto atazaliwa siku hiyo hasa? Pengine la. Kati ya akina mama 100, ni wapatao 4 au 5 tu wanaojifungua tarehe ile ile iliyoandikwa. Mtoto aliyetimia anaweza kuzaliwa wakati wowote kati ya wiki 37 na wiki 42. Kwa mama wetu wa 17 Oktoba, hiyo ni kuanzia 26 Septemba hadi 31 Oktoba. Kwa hivyo, mama, usiishike siku moja. Shika wiki hizo tano.

Kwa nini hesabu hukosea? Kwanza, hesabu hii ni ya mama anayepata hedhi kila baada ya siku 28. Ikiwa yako huja baada ya siku 35, huenda ulishika mimba wiki moja baadaye kuliko tunavyodhani. Pili, kuna aliyeshika mimba akiwa ananyonyesha, au baada ya kuacha sindano ya kupanga uzazi, kabla hedhi haijarudi vizuri. Tatu, wengine hutokwa na damu kidogo mimba ikiwa changa, wakadhani ni hedhi. Hapo hesabu inaweza kupotea mwezi mzima. Na wengine wetu hatukumbuki. Mama anatuambia, "Ilikuwa wakati shule zilipofungwa." Ukikosa uhakika, sema wazi. Usibuni tarehe ili kumridhisha muuguzi.

Je, picha ya altrasaundi inasaidia? Naam, hasa ikipigwa mapema. Katika miezi 3 ya kwanza watoto wote hukua karibu sawa, na picha hukosea kwa siku 5 hadi 7 tu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mjamzito apigwe picha moja kabla ya wiki 24. Miezi ya mwisho ni tofauti. Huyu ni mnene, yule ni mwembamba, na picha inaweza kukosea hata wiki 3. Mama akija na karatasi tatu zenye tarehe tatu, tunaiamini zaidi picha ya kwanza kabisa. Hii ndiyo sababu tunawahimiza: ukikosa hedhi, njoo kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane.

Sasa, tarehe hii ina maana gani nyumbani? Kufikia wiki 37, nauli iwe imewekwa kando, nguo za mtoto ziwe tayari, na baba ajue ni gari au bodaboda gani itakayokuja usiku. Uchungu ukianza kabla ya wiki 37, usiseme "bado siku zangu." Nenda hospitali mara moja, kwa maana mtoto huyo atahitaji msaada zaidi.

Na tarehe ikipita? Namkumbuka mama mmoja aliyekaa nyumbani karibu wiki tatu baada ya tarehe yake. Majirani walimwambia mtoto huja akitaka. Alikuja alipoona mtoto amepunguza kucheza. Mtoto alizaliwa amechoka, hakulia, na ilibidi tumsaidie kupumua. Alipona, lakini si wote hupona. Baada ya wiki 42, kondo la nyuma huweza kushindwa kumlisha mtoto vizuri, na hatari ya kumpoteza huongezeka. Kwa hivyo tarehe ikipita kwa wiki moja, nenda hospitali hata kama huna uchungu na mtoto anacheza. Daktari ataamua kama uanzishiwe uchungu.

Kuna dalili ambazo hazingoji tarehe yoyote: kutokwa na damu, maji kuvunjika, kuumwa sana na kichwa, kuona kizunguzungu au ukungu machoni, degedege, au mtoto kupunguza kucheza. Ukiona moja tu, ondoka nyumbani saa hiyo hiyo.

Kwa wewe ambaye bado hujashika mimba, anza leo: weka alama kwenye kalenda siku hedhi inapoanza, kila mwezi. Alama hiyo ndogo itamsaidia muuguzi wako kuliko kukisia.