Mizani Haina Upendeleo: Unyevu Katika Sanduku la Kuangulia Mayai



Katika kambi yetu ya wachuma chai, kwenye vilima vya Toro, magharibi ya Uganda, mwaka 2022 tulichanga fedha tukaunda sanduku la kuangulia mayai. Mshahara wa chai haufiki mwisho wa mwezi, na kuku wa kienyeji ana soko kila siku. Seremala mwenzetu alipiga mbao, na joto likatoka kwenye taa ya mafuta. Sanduku huchukua mayai 40. Kila nyumba ilitoa yake, na mayai hayo yangeliwa na watoto.

Mara ya kwanza ilikuwa Aprili, mvua zikinyesha. Tulikuwa tumesikia kwamba mayai yanataka unyevu. Basi tukaweka beseni pana la maji, tukatandika gunia bichi, tukaziba na matundu ya hewa ili mvuke usitoke. Siku ya 21 tukapata vifaranga 9 tu.

Maneno yakaanza. Mama mmoja aliyeshika zamu ya usiku akaambiwa alilala taa ikazimika. Wengine wakanong'ona kwamba amebadilisha mayai. Akasimama mkutanoni akasema, "Ndugu zangu, taa haikuzimika hata usiku mmoja. Vunjeni mayai muone."

Tukayavunja. Vifaranga walikuwa wamekamilika, wana manyoya, lakini wamevimba na kufia katika majimaji. Hawakuuawa na baridi. Tuliwazamisha sisi wenyewe kwa beseni letu.

Yafaa kila mmoja aelewe jambo hili. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana, na maji ya ndani hutoka humo polepole. Katika siku 18 za mwanzo yai lapaswa kupoteza kama asilimia 12 ya uzito wake. Nafasi inayobaki upande mnene hujaa hewa, na hiyo ndiyo pumzi ya kwanza ya kifaranga kabla hajatoboa ganda. Unyevu ukizidi, maji hayatoki, chumba cha hewa huwa kidogo, naye hufa maji. Unyevu ukipungua mno, utando wa ndani hukauka ukamshika kama gundi.

Hilo la pili tulilipata mara iliyofuata. Kwa hofu ya maji tuliondoa beseni kabisa, na siku ya kuangua tukafungua mlango kila dakika kutazama. Vifaranga walitoboa ganda, wakakwama hapo hapo.

Mara ya tatu tuliamua kupima. Vipimo ni viwili, na havina gharama kubwa.

Cha kwanza ni vipimajoto viwili. Kimoja kikavu, usawa wa juu ya mayai. Katika sanduku lisilo na feni kama letu, kisome nyuzi 38.5 hadi 39. Cha pili kivishwe utambi wa pamba kwenye ncha yake. Kamba safi ya kiatu yatosha, mradi iwe ya pamba. Mwisho wa utambi uzame katika kikopo cha maji. Hewa ikiwa kavu, utambi hupoa zaidi na kipimo hushuka. Siku 18 za mwanzo kisome nyuzi 29 hadi 30, yaani unyevu wa asilimia 50 hadi 55. Siku 3 za mwisho kipande hadi kama 33, unyevu upate asilimia 65 hadi 70.

Cha pili ni mizani ya duka, ile ya kupimia sukari. Mayai 40 ya gramu 50 yana gramu 2,000. Siku ya 9 yawe yamepungua kama gramu 120, na siku ya 18 kama gramu 240. Yakipungua kidogo kuliko hapo, punguza maji. Yakipungua zaidi, ongeza.

Kuongeza maji si kujaza chombo. Kinachotoa mvuke ni upana wa uso wa maji, wala si kina chake. Ukitaka unyevu zaidi, weka chombo kipana. Ukitaka kidogo, weka kikopo chembamba. Maji ya kuongeza yawe ya vuguvugu. Matundu ya hewa yasizibwe kamwe, maana kifaranga anapumua.

Mayai yageuzwe mara 3 au 5 kwa siku mpaka siku ya 18. Hapo acha kuyageuza, weka chombo kipana, funga mlango. Vifaranga wakianza kutoboa, usifungue, kwa kuwa unyevu wote hutoka mara moja. Tazama kwa kioo na uwe na subira.

Mara ile ya tatu tulipata vifaranga 31. Kabla ya kugawana tuliitisha mkutano, na mbele ya wote tukamwomba radhi yule mama. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimesamehe. Lakini daftari la vipimo nipeni mimi." Ndiye anayeliandika hadi sasa.

Ndugu zetu, mnyapara anapomwambia mchumaji kwamba majani yake ni machache, sisi wa chama huuliza kwanza: mizani iko wapi? Siku ile ya vifaranga 9 tulimhukumu mwenzetu bila kupima kitu. Haki tunayoidai kwa mwajiri tulimnyima jirani yetu. Kambi nyingine zinazotaka kuunda sanduku zianze na vipimajoto, mizani na daftari, hata kabla ya kununua mbao.