Virusi vya Kompyuta: Tusiwaachie Wezi Mashine Zetu



Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wanadhani ni la watu wa mjini: virusi vya kompyuta. Si la mjini tu. Hapa kambini kijana anachukua flashi yake, anaandika maombi ya shule kwenye chumba cha kompyuta, kesho anaipeleka stesheneri kuprinti, kesho kutwa anamwazima mwenzake. Ndani ya hiyo flashi mna vyeti, picha za harusi, barua za ndugu walioko mbali. Kirusi nacho kinapita njia hiyo hiyo, toka mkono huu hadi mkono ule.

VIRUSI NI NINI HASA?

Si mdudu. Ni programu iliyoandikwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo anatafuta pesa. Siku hizi mwizi wa namna hii hataki kuiua mashine yako. Anataka iendelee kufanya kazi, ila imtii yeye. Anateka moja, anateka elfu, anateka milioni. Kundi hilo la mashine zilizotekwa linaitwa botineti. Kwa kundi hilo anatuma barua pepe za utapeli, anaiba maneno ya siri, au anaziamuru zote zibishe hodi kwa pamoja kwenye mtandao fulani mpaka uelemewe. Na mwenye mashine hajui. Anaona tu imekuwa nzito, anasema labda imezeeka.

KISA CHA CONFICKER

Tuchukue mfano mmoja wa kweli. Mwezi wa 10 mwaka 2008 kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu kubwa ndani ya Windows. Watu wengi hawakuyaweka. Mwezi wa 11 kikatokea kirusi kilichoitwa Conficker, kikapita kwenye tundu lile lile. Mwezi wa 12 ikatoka aina ya pili, na hiyo ikajua kusafiri kwa flashi pia. Mamilioni ya kompyuta katika nchi zaidi ya 190 zikaambukizwa. Hata jeshi la majini la Ufaransa na wizara ya ulinzi ya Uingereza viliguswa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndugu zangu.

Sasa sikilizeni namna wataalamu walivyopambana. Kila siku mashine zilizotekwa zilitengeneza orodha ya anwani 250 za intaneti na kwenda kuuliza huko kama bwana wao ameacha amri. Mwizi alihitaji kusajili moja tu. Ni kama mtu aliyewaambia vijana wake: nitakuwa kwenye kisima kimojawapo kati ya visima 250, na kila siku visima vinabadilika. Utamkamatia wapi?

Wataalamu wakakifungua kirusi kipande kwa kipande. Kumbe orodha ilitokana na tarehe ya siku, hivyo wakaweza kujua mapema anwani za kesho na keshokutwa. Wakaanza kuzisajili wao kwanza. Mashine zilizotekwa zikaja kuuliza amri, zikawakuta wataalamu badala ya wezi. Hapo ndipo walipoweza pia kuona wagonjwa wako nchi zipi.

Mwezi wa 2 mwaka 2009 makampuni na watafiti walitangaza umoja wao, na Microsoft ikaahidi dola 250,000 kwa atakayesaidia kuwakamata waliokiandika. Wezi nao hawakulala. Walitoa aina mpya ambayo kuanzia tarehe 1 Aprili 2009 ilitengeneza anwani 50,000 kwa siku. Watu waliokuwa washindani wa biashara walilazimika kushirikiana, pamoja na wasimamizi wa anwani za intaneti wa nchi nyingi, kuziba njia hizo zote.

Je, walishinda? Nusu. Waliwazuia wezi wasilitumie jeshi lile kama walivyotaka. Lakini mwezi huo huo wa 4 baadhi ya mashine zilipata amri kwa njia nyingine, zikapokea programu ya uongo iliyojifanya dawa ya virusi na kudai malipo. Na kazi ya kuzisafisha mashine zenyewe iliwashinda, maana kila mashine ina mwenyewe. Mtaalamu anaweza kuziba kisima, hawezi kuingia nyumbani kwako kuosha ndoo.

VITA VINAENDELEA

Mwezi wa 1 mwaka 2021 polisi wa nchi kadhaa, wakiwemo wa Uholanzi, Ujerumani na Marekani, walizikamata mashine zilizoongoza botineti ya Emotet. Hiyo iliingia kwa barua pepe zenye faili lililofungwa, eti risiti au taarifa muhimu. Na mwaka 2022 walivunja FluBot, iliyoingia kwenye simu za Android kwa ujumbe kama “mzigo wako umefika, bonyeza hapa”. Kwa hiyo hata wewe mwenye simu tu, jambo hili linakuhusu.

TUFANYE NINI?

1. Flashi ikitoka kwa mwingine, ipimwe kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kufungua chochote.

2. Mashine au simu ikiomba marekebisho kwenye mipangilio yake, tuyakubali. Lakini tangazo linaloruka ghafla na kudai hela, tulifunge.

3. Programu za simu tuzichukue kwenye duka rasmi la simu, si kurushiana tu.

4. Vyeti na karatasi za familia tuweke nakala sehemu mbili.

5. Ukimaliza barua pepe kwenye mashine ya watu wengi, toka kabisa. Neno lako la siri usimpe mtu, hata rafiki.

6. Barua pepe ya ndugu ikiomba pesa haraka, mpigie usikie sauti yake kwanza.

7. Ujumbe unaodai pesa ili upelekwe nchi ya tatu ni utapeli. Huduma za UNHCR ni bure.

Wazazi, msione aibu kuwauliza vijana wenu mambo haya. Nanyi vijana, msiwacheke wazee, waonyesheni polepole. Flashi ya mmoja ikiwa safi, jirani naye amepona.