Ndagala, Mchanga na Uchanja



Gunia la ndagala likifika ghalani mwa kambi limejaa mchanga na ukungu, hasara yake haikuanzia ghalani. Ilianzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Maoni yetu ya leo yanaeleza jinsi ushirikiano wa kisayansi wa mataifa ulivyoipunguza hasara hiyo.

Samaki mbichi ana maji mengi mwilini, na vijidudu vya kuozesha huishi kwa maji hayo. Kumkausha ni kuvinyima vijidudu maji kabla havijaongezeka. Lakini samaki aliyeanikwa mchangani hupata upepo upande mmoja tu. Upande wa chini hubaki na unyevu, nao nzi na kuku humfikia bila kizuizi. Mvua ikinyesha, kazi yote hupotea. Kwa hesabu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, zaidi ya asilimia 15 ya samaki waliovuliwa iliharibika au kupotea walipoanikwa mchangani.

Mwaka 2004, FAO ilianza kuwafundisha wakaushaji wa Burundi kutengeneza chanja za nyavu za waya, zilizoinuliwa kiasi cha mita moja kutoka ardhini. Hewa ikapita juu na chini ya samaki. Kazi iliyochukua siku tatu ikamalizika kwa saa nane. Kilo moja ya samaki wa uchanjani, iliyouzwa faranga 4,000 mwaka 2004, ilifika faranga 9,000 mwaka 2013.

Elimu hiyo haikuja peke yake. Tangu mwaka 1992, FAO na Ufini zilisaidia utafiti wa uvuvi ziwani, ukiongozwa kutoka Bujumbura, kwa faida ya Burundi, Tanzania, Zambia na Zaire ya wakati ule. Mwaka 2003 nchi hizo nne zilitia saini Mkataba wa Ziwa Tanganyika mjini Dar es Salaam. Sababu ni wazi: ndagala hatambui mpaka. Nchi moja ikipoteza samaki ufukweni, wavuvi wake hulazimika kuvua zaidi ili kufidia pengo, na ziwa la wote hupungukiwa.

Kwa hiyo, ndugu askari, anayenunua chakula cha kikosi ana sehemu yake katika kazi hii. Ndagala aliyekauka sawasawa hung'aa, huvunjika akikunjwa, wala hana mchanga. Akihifadhiwa, gunia lisiwekwe sakafuni bali juu ya mbao, hewa ipite chini yake, kama vile uchanjani. Anayenunua samaki wa mchangani kwa sababu ya urahisi wa bei hulipia mchanga na maji, na humvunja moyo mwananchi aliyejitahidi kujenga uchanja.

Wataalamu wa mataifa wameleta maarifa. Kuyatunza ni wajibu wetu wenyewe.