Mfundishe mwanao vipimo jikoni, faida utaiona ghalani

"Weka maji vikombe vinne," nilimwambia binti yangu jioni moja huku nikichambua maharage. Alikuwa darasa la tatu, na siku hiyo ndiyo kwanza nilikuwa nimemkabidhi sufuria ya ugali.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kikombe kipi, mama?"

Nyumbani kwetu Mollo, katika Manispaa ya Sumbawanga, tuna kikombe cha bati cha baba yao, vikombe vya chai vya wageni, na kikombe kikubwa cha plastiki tunachochotea maji ndooni. Nilipotamka "kikombe" mimi nilikuwa naona cha bati. "Chochote tu," nikamjibu. Akachukua cha plastiki. Ugali wa siku ile ulikuwa karibu uji, na wadogo zake hawakuacha kumtania.

Nilicheka pamoja nao, lakini swali lile lilinikaa kichwani. Mtoto alikuwa ameuliza jambo la msingi kabisa katika somo la vipimo: kipimo kisichojulikana ukubwa wake si kipimo. Mimi mtu mzima nilikuwa nimemjibu ovyo.

Leo yuko darasa la sita. Swali lile lilitufikisha mbali kuliko nilivyotarajia, na mwaka jana lilituokolea chakula cha mwaka mzima. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, ili nawe mzazi mwenzangu uanze mapema kuliko nilivyoanza mimi.

Anapika kila siku, hesabu inamshinda

Urefu, uzani, ujazo na wakati vimo katika Hisabati ya shule ya msingi. Mtoto hukutana navyo madarasa ya chini na huendelea navyo hadi mtihani wa darasa la saba. Shida ni kwamba wengi hukutana navyo ubaoni tu.

Binti yangu alipofika darasa la nne alirudi na daftari lenye kosa. Swali lilimtaka atoe lita 1 na mililita 750 kutoka lita 3 na mililita 250. Yeye aliandika lita 2 na mililita 500. Alipoona 250 ni ndogo kuliko 750 aligeuza tu, akatoa ndogo kutoka kubwa, akaendelea na safari yake.

Sikumgombeza. Tulimimina lita 3 na mililita 250 za maji kwenye sufuria, kisha tukachota lita 1 na mililita 750 kwa chupa. Yaliyobaki tukayapima: lita 1 na nusu. Akashangaa. Nikamuuliza, "Zile mililita 750 zilitoka wapi wakati tulikuwa na 250 tu pembeni?" Akafikiri, akasema tulilazimika kuifungua lita moja. Hapo ndipo alipoelewa kwamba lita moja ikifunguliwa huwa mililita 1,000. Hajarudia kosa lile.

Huhitaji kununua vifaa

Wazazi wengi hudhani lazima kuwe na mizani na vikombe maalumu. Vifaa tayari viko nyumbani, vingine umevitupa jalalani.

Chupa tupu ya maji ya nusu lita ni mililita 500. Ya lita moja na nusu ni mililita 1,500. Soma kilichoandikwa kwenye lebo pamoja na mtoto. Kisha chukua chupa kubwa inayopitisha mwanga, ikate juu, mimina nusu lita ya kwanza, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Mimina nusu lita ya pili, chora tena. Kupata robo lita, gawanya nusu lita kwenye chupa mbili zinazofanana mpaka maji yalingane. Mtoto atakuwa ametengeneza kipimo chake mwenyewe, na ndicho atakachokiamini.

Kwa uzani, kumbuka jambo moja: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni jiwe lako la mizani la nusu kilo, maana chupa yenyewe ni nyepesi sana. Funga kamba katikati ya fimbo iliyonyooka, ning'iniza mfuko kila ncha kwa umbali sawa kutoka katikati. Upande mmoja weka chupa, upande wa pili mimina unga mpaka fimbo ilale sawa. Hiyo ni nusu kilo ya unga.

Hapo mtoto ataona jambo jingine. Unga wa nusu kilo haukai kwenye chombo kilichobeba nusu lita ya maji, unamwagika. Lita na kilo si kitu kimoja. Kuna watu wazima hawajalijua hili mpaka leo.

Kila umri na kazi yake

Wa darasa la kwanza na la pili usimsumbue na mililita. Mpe kopo moja na ahesabu: makopo mangapi ya maji yanajaza sufuria hii? Ipi imebeba zaidi, nyembamba ndefu au pana fupi? Watoto wengi watasema ndefu, mpaka wamimine wenyewe.

Wa darasa la tatu na la nne wafike kwenye lita, mililita, kilo na gramu. Mwambie asome mfuko wa sukari na pakiti ya chumvi. Uji wa ulezi unafaa kuanzia, kwa sababu ukikosea kidogo unarekebishika.

Wa darasa la tano mpaka la saba wapewe kazi ya kuongeza na kupunguza. Mandazi yetu hutumia unga wa ngano kilo 1, sukari gramu 150, hamira kijiko kimoja cha chakula na maji ya uvuguvugu nusu lita. Wakija wageni, tunatumia unga kilo 1 na nusu. Sukari gramu ngapi? Maji kiasi gani? Akisema gramu 225 na mililita 750, apike. Akikosea, apike vilevile. Mandazi yatamsahihisha.

Na kabla ya kupima chochote, akisie kwanza. Mtoto anayekisia nusu lita kisha akakuta ni robo tatu, jicho lake linajifunza. Mama mkwe wangu hajawahi kupima unga kwa kikombe; hutumia konzi ya mkono wake na ugali wake haujawahi kuharibika. Binti yangu alipozipima, konzi kumi za bibi yake zilikaribia nusu kilo. Zake yeye zilihitajika kumi na sita. Bibi alifurahi kweli kuambiwa kwamba mkono wake ni mizani.

Maharage ya Ufipa na saa ya ukutani

Wakati nao ni kipimo, na maharage ni mwalimu wake mzuri.

Aliyewahi kuishi Dar es Salaam kisha akahamia huku juu anajua kwamba maharage yetu yanachelewa kuiva. Si kuni mbaya wala maharage mabaya pekee. Uwanda wa Ufipa uko juu, hapa kwetu ni kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inapungua mgandamizo na maji yanachemka mapema. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Huku kwetu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yanatokota kwa kelele zilezile lakini moto wake ni mdogo, kwa hiyo chakula hukaa jikoni muda mrefu zaidi. Ukiteremka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa, tofauti inapungua.

Mpe mtoto daftari. Aandike saa maharage yalipoanza kuchemka na saa yalipoiva. Siku nyingine yalowekwe usiku kucha, aandike tena, alinganishe. Utaokoa na mkaa.

Ila angalia anavyotoa. Yakianza saa 4:40 na kuiva saa 6:15, wengi wataandika saa 1 na dakika 75, kwa sababu wamezoea kukopa 100. Saa ikifunguliwa ni dakika 60, kwa hiyo jibu ni saa 1 na dakika 35. Ni kosa la jamaa moja na lile la lita na mililita.

Siku daftari lilipofika ghalani

Sasa nikiri kosa letu sisi wazazi.

Mwaka juzi tulivuna vizuri. Kulikuwa na ada na deni la mbolea, tukauza mahindi mapema na kubakiza magunia manne ya kilo 100. "Yanatosha," tulisema, bila kupima chochote. Mwishoni mwa Februari ghala lilikuwa tupu. Mahindi tuliyouza kwa bei ya mavuno tukayanunua kwa bei ya njaa, na fedha iliyokusudiwa sare za shule ikaishia huko.

Msimu uliofuata, kabla hatujauza, binti yangu alileta daftari lake la jikoni. Alikuwa amepima unga wa dona kwa mwezi mzima. Sisi watu sita tulitumia wastani wa kilo 1 na nusu kwa siku, mchana na jioni. Kwa siku 30 ni kilo 45. Kwa miezi 12 ni kilo 540. Kisha akageukia magunia yetu manne ya mwaka juzi: kilo 400 gawanya kwa moja na nusu. "Mama, yalikuwa ya siku 266. Mwaka una siku 365." Na hapo hajahesabu wageni, msiba wa jirani, mchango wa chakula cha shule na kuku.

Baba yao alilisoma daftari lile mara mbili. Mwaka jana tulibakiza magunia saba.

Halafu likaja suala la debe. Mnunuzi aliyepita kwetu alinunua kwa ndoo ya lita 20, akitikisa na kujaza mpaka kilima kisimame juu. Wazee wa pwani walikuwa na maneno mawili kwa mambo haya: kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa, na kibaba cha tele, kilichofurika. Aliyekuja kwetu alilipa mfuto akachukua tele. Binti yangu aliomba tupime ndoo zote mbili kwenye mizani ya jirani mwenye duka. Tofauti ilikuwa kama kilo 2. Katika madebe 30 hizo ni kilo 60. Akarudi kwenye daftari lake: siku 40 za ugali wetu, bure.

Hatukuuza siku ile. Tulitafuta mnunuzi mwenye mizani. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hauchoki kusema mazao yapimwe kwa mizani, na lumbesa imepigwa marufuku. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila uga wa mkulima. Mtoto wako anaweza.

Mambo ya kuzingatia

Kazi ya moto na maji yanayochemka ni yako mpaka utakapoona ameweza. Apime kwanza pembeni, chombo kikiwa baridi, ndipo kiende jikoni.

Wavulana nao waingie. Kaka yake ndiye atakayebeba madebe kesho. Asipojua mfuto na tele, atabebeshwa.

Usigeuze kila mlo kuwa mtihani. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Akikosea usimwite mzito mbele ya wenzake, kwani akiogopa hatauliza tena, na maswali yake ndiyo yenye faida.

Na daftari lisitupwe. Liwe na safu tatu tu: tarehe, kilichopimwa, kiasi. Mwisho wa mwezi mkae pamoja mjumlishe.

Mimi nilipoulizwa "kikombe kipi?" nilijibu "chochote tu". Jibu lile lilitugharimu ugali wa siku moja. Ghalani tulijibu vilevile, "yanatosha tu", likatugharimu sare za watoto. Jioni ya leo mwanao akikuuliza, weka chini unachofanya, chukueni chupa na kalamu, mpime pamoja.