Rojo la Karanga: Likishasagwa Halichambuliki

Rojo la karanga ni karanga zilizokaangwa, zikamenywa ngozi, kisha zikasagwa mpaka mafuta yake yenyewe yakazilainisha. Siagi ya karanga ya dukani hutiwa chumvi na sukari. Rojo la kiwandani kwa kawaida huachwa hivyohivyo, kwa kuwa mnunuzi wake ni mtengenezaji wa biskuti, chokoleti au aiskrimu, na kila mmoja ana vipimo vyake. Huuzwa kwa ndoo, kwa mapipa, na kwa viwanda vikubwa hata kwa lori la tangi.

Mnunuzi anayestahili kuangaliwa kuliko wote ni kiwanda cha chakula dawa, kile wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali. Chakula hicho kilibuniwa Ufaransa mwaka 1996 na daktari wa watoto André Briend pamoja na Michel Lescanne, mwanzilishi wa kampuni ya Nutriset, kwa jina la Plumpy'Nut: rojo la karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kilokalori 500, na mtoto huifyonza bila kupikiwa wala kukorogewa maji. Kwa mtoto wa namna hiyo, pakiti hizo ndizo mlo wake wa kila siku kwa majuma kadhaa. Kilichomo ndani ya rojo ndicho kinachomjenga au kumdhuru.

Adui wa kwanza ni sumukuvu. Ilitambuliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu, na leo inajulikana kuwa huchangia saratani ya ini. Kuvu huingia karanga zingali ardhini, hasa mvua inapokatika mwishoni mwa msimu na wadudu wakatoboa maganda, kisha huongezeka zinapoanikwa juu ya udongo au kuhifadhiwa mbichi. Kukaanga hupunguza sumu hiyo kiasi tu, hakuiondoi.

Uharibifu mwingi hutokea kwenye baraza za nyumbani, wakati wa kubangua. Maganda makavu huumiza vidole, kwa hiyo wabanguaji huyanyunyizia maji yalainike. Kazi inakuwa nyepesi na uzito unaongezeka, lakini kuvu nao wanapata unyevu waliokuwa wakiungoja. Mnunuzi anayelipa bei moja kwa karanga kavu na zilizoloweshwa ananunua maji, na yeye mwenyewe ndiye anayewafundisha wakulima kulowesha. Dawa yake ni kununua karanga zikiwa na maganda, au kuwapatia wakulima mashine za kubangulia, na kulipa zaidi kwa ukavu. Ukavu hauhitaji maabara kuanza kupimwa: karanga kavu ikitikiswa masikioni hulia ndani ya ganda lake, na ngozi yake ikisuguliwa kati ya vidole hutoka.

Kiwandani, hatua inayookoa zaidi ni kuchambua. Karanga hupashwa moto kidogo, hupitishwa kwenye mashine ya kumenya ngozi, kisha humwagwa kwenye mkanda ambako wachambuaji, mara nyingi wanawake, huokota zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zile zilizogoma kuachia ngozi. Karanga hizo chache ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Zikipita zikasagwa, hakuna jicho wala mkono utakaozitoa tena; mchambuaji ndiye mtu wa mwisho kuiona karanga ikiwa karanga, na ujira wake ungepaswa kulingana na uzito wa kazi hiyo.

Kwa kuwa sumu haikusambaa sawasawa, konzi moja ya mdomoni mwa gunia haimwambii mpimaji chochote. Sampuli inayokubalika kwa shehena kubwa ni ya kilo 20, iliyokusanywa sehemu nyingi, ikasagwa na kuchanganywa kabla ya kupimwa. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Umoja wa Ulaya unaruhusu 4 tu kwa karanga za kuliwa moja kwa moja. Kwa chakula dawa, tamko la mashirika ya Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 liliweka 5.

Adui wa pili ni bakteria wa salmonela. Moto wa kukaangia huwaua, lakini paa linalovuja, panya, au sepetu iliyotoka kwenye karanga mbichi huwarudisha. Ndani ya rojo hawazaliani, maana maji ni machache mno, ila huishi miezi mingi. Mwaka 2008 na 2009, rojo na siagi kutoka kiwanda kimoja cha Georgia, Marekani, viliwafanya watu 714 waugue, na 9 wakafa. Bidhaa zaidi ya 3,900 ziliondolewa sokoni, kwa sababu rojo lile lilikuwa limeshaingia kwenye biskuti na peremende za mamia ya kampuni. Kiwanda kilikuwa kimeuza mizigo ambayo maabara ilishaonyesha kuwa ina bakteria. Mwaka 2015 mkuu wake alihukumiwa kifungo cha miaka 28.

Mengine ni ya ufundi. Rojo husagwa mara mbili ili lisikwaruze ulimi, na asilimia moja au mbili ya mafuta yanayoganda huzuia mafuta ya karanga kuelea juu. Ndoo hujazwa mpaka karibu na mfuniko, kwani hewa na joto huyachachisha. Kiwanda kinachosaga pia korosho au ufuta kwa mashine ileile kinapaswa kumweleza mnunuzi, maana punje ya korosho isiyotarajiwa inaweza kumuua mwenye mzio.

Kila ndoo huandikwa namba ya toleo, inayoweza kufuatwa nyuma hadi kwenye gunia na kijiji lilikotoka. Kopo dogo la toleo hilo hubaki rafuni kiwandani, likiwa na namba ileile, mpaka muda wa matumizi uishe.